Kisu Chenye Ndevu

Ifakara,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee kama ninayokupa nikiwa nimepiga magoti mbele yako, maana umbali haujanisahaulisha adabu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeitumia, au umeificha kabatini kama zile nyingine? Mihogo mmeshaimenya? Nyangeta mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma taratibu na usiruke mstari, hata kama kaka Masatu amekaa hapo anakohoa. Sisi huku, mimi na mjukuu wako Consolata, ni wazima. Mpunga unavunwa bonde zima, mashine za kukoboa zinanguruma kutwa, na mbu wameshiba kuliko sisi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu sipati nafasi ya kumaliza sentensi. Kaka anaichukua mkononi mwako na kuniambia mjane haishi peke yake kwenye nchi ya watu, nifungashe nirudi Ukerewe, chumba kipo. Na sasa kuna mtu amempigia kumwambia nimefukuzwa soko la samaki kwa kuwalisha watu vyuma. Mama, sijafukuzwa. Nakueleza yote, halafu mtanihukumu mkitaka, ila mtanihukumu nikiwa nimeshasema.

Unajua kwamba tangu baba Consolata afariki nakaa na meza yangu pale sokoni, napasua kambale na perege kwa ajili ya wanaobanika. Kilichonishangaza tangu mwanzo ni visu vya wenzangu. Wanavinoa kwenye ukingo wa saruji, kwaru kwaru, wanapitisha kidole, kidole kikikwama wanasema tayari. Samaki wawili wa kwanza kisu kinakata. Wa tatu kinachana. Kambale akichanwa ngozi hakai kwenye kichanja, anadondokea motoni vipande vipande. Basi nikatoa jiwe langu la kunolea, nikaanza kuwanolea. Wakafurahi. Wiki chache tu kila mwenye meza alikuwa ananiletea kisu, na ada ya Consolata ikawa inatoka kwenye jiwe, siyo kwenye samaki tena.

Unakumbuka baba alivyokuwa akitufundisha kwa kisu chake cha sangara. Ukinoa upande mmoja, chuma chembamba kama uzi kinajikunja upande wa pili. Baba alikiita ndevu. Alisema mjinga akigusa ndevu anadhani amegusa makali. Kwa hiyo mimi nikimaliza kwenye jiwe sijamaliza. Nageuza kisu huku na huku kwa mkono mwepesi, kisha nakivuta polepole kwenye gunzi la mahindi hadi ndevu zing'oke, halafu nakipangusa kwenye ngozi ya mkanda wa marehemu mume wangu, nakiosha. Ukigusa hapo kisu ni laini, huwezi kudhani kinakata. Jaribu kwa samaki uone.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wenzangu wakigusa ule ulaini wanasema nimetoa makali. Wananicheka na gunzi langu, wanauliza kama kwetu ziwani visu vinalishwa mahindi. Mimi nacheka nao, kisha naendelea na gunzi. Watu husema mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama. Hawasemi anayekinoa anakula nini. Aliyenicheka zaidi ni Bi Thekla wa meza ya pili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sokoni kwetu hakuna anayepasua samaki haraka kama yeye. Lakini kusubiri hawezi. Asubuhi moja samaki wameshushwa, wanunuzi wamejaa, akaja akakinyakua kisu chake juu ya jiwe langu kabla sijakigusisha gunzi. Nilimwita. Hakugeuka.

Siku iliyofuata mama lishe mmoja anayepika karibu na stendi akaja sokoni na kitambaa. Ndani kulikuwa na kiuzi cha chuma, kimejikunja. Mteja wake kimemchoma ulimi akiwa anakula kambale. Samaki alinunuliwa kwa Bi Thekla. Mama, hakuna aliyeuliza samaki alikatwaje. Waliuliza tu visu vya soko hili ananoa nani. Wote wakanitazama mimi, na mwingine akasema lisemwalo lipo, kama alikuwa amelisubiri siku nyingi.

Tukaitwa na Mama Digna, kiongozi wetu wa wauza samaki. Ni mama mtu mzima, mtu wa Mahenge, msemaji wa upole, na ule upole wake ndio unaokumaliza. Akaniambia nisikasirike, ila nipumzike kwanza nyumbani mpaka maneno yapoe, na meza yangu ataishika mtu mwingine kwa muda. Wewe unajua meza ikishikwa kwa muda huwa hairudi. Na bila meza sina jiwe, bila jiwe Consolata hana shule, na hapo kaka atakuwa ameshinda bila hata kupanda basi. Nilihisi hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Sikulia. Nawaambia hilo kwa sababu huyo aliyepiga simu najua aliwaambia nililia.

Nikasema, "Mama, shikamoo nimekupa na heshima yako unayo. Mezani sitoki. Kwanza kiletwe kisu cha Bi Thekla."

Bi Thekla akasema kisu chake hakina kesi. Mama Digna akamtazama tu, kikaletwa. Nikashika pindo la kanga yangu, nikapitisha ukingo wa kisu juu yake taratibu, kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha. Karibu na mpini kisu kikakamata nyuzi, kikavuta kanga. Katikati kikateleza bila kugusa uzi wowote. Kwenye ncha kikakamata tena. Nikamwomba mama lishe afungue kitambaa chake. Tukakiweka kile kiuzi pale katikati ya kisu, palipokuwa pamekatika ndevu, kikaenea sawasawa, na kila mwenye macho aliona. Halafu nikachukua kisu changu mwenyewe, nikakipitisha chote kwenye kanga. Hakikukamata kitu.

Ndipo Bi Thekla akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nilikuwa na haraka. Samaki walikuwa wameshashushwa."

Mimi sikumwomba zaidi ya hapo. Lakini mtu mmoja akadakia kwamba hata hivyo kimenolewa na mimi. Nikamjibu ni kweli nimekinoa mimi, na nilikuwa sijamaliza. Nikawaambia wote pale pale kwamba kuanzia kesho kisu kikishawekwa mezani kwangu hakiondoki mpaka nikitoe kwa mkono wangu, gunzi na mkanda vikiwa vimepita. Asiyeweza kusubiri, ukingo wa saruji upo, bure. Sikuomba radhi wala sikuombwa radhi. Nikarudi mezani nikaendelea na kambale wangu.

Usiku huo nilijiuliza kama nimejifungia mlango. Asubuhi nikapanga jiwe, nikajaza maji, nikakaa. Hakuna aliyekuja. Watu wanapita na visu vyao chini ya kanga kama wanaiba. Bi Thekla alikuwa kwenye saruji yake, kwaru kwaru, akihakikisha nasikia. Jua lilipoanza kukaza akaja Mama Digna peke yake, akaweka kisu chake mezani kwangu. Nikanoa. Nilipochukua gunzi akanyoosha mkono akitaka kukichukua, mazoea tu. Nikamwambia asubiri. Mama, mama yule mtu mzima akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akasubiri. Wengine wakaanza kuja mmoja mmoja kupanga foleni nyuma yake. Bi Thekla hajaja mpaka leo. Na asije, jiwe halimkumbuki.

Sasa, kaka Masatu, haya ni yako, na Nyangeta ayasome kwa sauti. Najua unanipenda. Najua pia unaona aibu watu wa Nansio wakikuuliza dada yako yuko kwa nani. Waambie yuko kwa jiwe lake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimeshalishika miaka, sasa ni nani anayeniita mgeni? Mume wangu amezikwa huku, mwanangu anaongea Kipogoro na wenzake mpaka ananiacha nyuma. Ukiamua kunifuata karibu, utakula kambale wa kubanika. Ila usije na begi tupu la kunifungashia vitu.

Mama, wewe peke yako ndiye unayeweza kuniambia rudi nikarudi. Ndiyo maana nakuomba, kwa heshima yote, usiniambie.

Msalimie shangazi mkubwa, yule wa duka la mafuta ya taa, mwambie kikohozi chake bado nakisikia masikioni. Msalimie baba mdogo na wake zake wote wawili, na wasigombee nani amesalimiwa kwanza. Nyangeta, busu kwako kwa kusoma bila kuruka. Consolata anasema shikamoo bibi, anauliza kama yule mbuzi wake amezaa.

Krismasi Mungu akipenda tutakuja kukusalimu. Nauli naianza sasa, na tiketi nitakata kwa pamoja, ya kuja na ya kurudi.

Ni mimi binti yako,
Pendo, wa Ifakara.