Mvua ya Kibirizi

Singida, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, na wanafunzi wangu hawajambo.

Maktabani hapa shuleni nimekuta riwaya ya mtu anaitwa Telesphory Ntahondi. Sijawahi kumsikia. Mama, ameandika habari za hapo kwetu Kibirizi! Anajua hadi mikono inavyonuka baada ya kugeuza dagaa walioanikwa. Mwanamke mmoja anaona mvua inakuja, anavua kitenge chake na kufunika dagaa wa jirani ambaye hayupo. Dagaa wake mwenyewe wanalowa. Jirani anarudi, anamkuta ameinama pale, anamwita mwizi mbele za watu.

Nimekununulia nakala, mwalimu mwenzangu Isaka anakuja nayo huko. Watu hawa unawajua?

Mwanao,
Selina

Kibirizi, 21 Machi 2024

Mwana wanje, mwanangu,

Marahaba. Mgongo umetulia. Anayeniandikia ni jirani yetu Agnesi, ndiye pia anayetusomea kitabu. Wenzangu wa kuanika dagaa wanabishana: "Huyu ni mimi!" "Wewe kiuno hicho ulikuwa nacho lini?"

Tulipofika pale pa mvua, sikucheka. Unamkumbuka mama yako mdogo Scola, tuliyekuwa tukianika naye jirani, yule uliyeniuliza mbona haji tena? Nilimkuta kwenye dagaa wangu, nikamwita mwizi. Kitenge nilikiona, nikadhani cha kubebea dagaa wangu. Miaka tisa sasa.

Muulize huyo mwandishi: aliona, au ametunga?

Mama yako

Singida, 30 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Poleni na mvua.

Niliwaandikia wachapishaji wake, wakampa namba yangu, akanipigia. Zamani alikuwa mchukuzi wa mizigo hapo Kibirizi. Anasema: "Nilikuwa nimejibanza ukutani. Nilimwona akifunika, nikasikia akitukanwa, nikanyamaza. Mengi nimetunga, dada. Hilo sikulitunga."

Utafanyaje?

Mwanao,
Selina

Kibirizi, 12 Mei 2024

Mwana wanje,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilikwenda Bangwe kwa Scola, mimi na Agnesi. Alitupa viti, salamu akajibu nusu. Nikamwomba asikilize tu. Agnesi akasoma pale pa mvua, kisha barua yako.

Scola akaanza maswali. Huyo mwandishi mtoto wa nani? Alisimama ukuta upi? Halafu akasema, "Lakini ameandika kwamba niliondoka bila kulia."

Nikamwambia, "Hapo amekosea. Ulilia. Nilikuona, Scola, na sikukufuata. Nisamehe."

Scola akavuta kiti chake karibu na changu, akamwambia Agnesi, "Soma, mama. Tujue huyo jirani wa kitabuni alifanya nini baadaye."

Mama yako