Sahani Niliyoitupa

Kericho, 14 Juni 2025

Ndugu yangu Kipkurui,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu kidogo, na watoto wanakula vizuri. Kikohozi cha mwanao Chepkurui kimepungua? Mimi mwili ni mzima. Huku mvua inanyesha kila alasiri na chai imechipuka sana.

Mama aliniambia kwamba tangu tumzike Janeffer hupeleki tena majani ya chai kituoni. Tena unaambia kila mtu kwamba wewe ndiye uliyemuua mke wako, kwa vile alikaa nyumbani siku mbili kidonda cha upasuaji kikitoa usaha. Ndiyo maana nakuandikia.

Alipolazwa hospitalini kwetu, ule usaha uliletwa kwenye maabara ninakofanya kazi, nikaupokea mimi. Niliuweka kwenye mashine mpya, ile inayosema ni dawa gani itaua viini. Kwa wasiwasi nikapima pia kwa mkono, tulivyofundishwa chuoni: unapanda viini kwenye sahani, unaweka vipande vya karatasi vyenye dawa, unangoja.

Mashine ilitangulia kujibu: dawa inafaa. Daktari akaanza kumdunga Janeffer dawa hiyo. Kesho yake nikafunua sahani. Viini vilikuwa vimeota mpaka kando ya karatasi, dawa haikuvigusa. Nilimwonyesha mkubwa wangu, Momanyi. Akasema mkono wangu ndio umekosea, nisichanganye madaktari.

Kipkurui, wodi iko hatua hamsini tu kutoka maabara. Niliogopa kuitwa mjuaji. Niliitupa ile sahani, nikaenda kumwambia Janeffer kwamba dawa ni nzuri. Alinishika mkono akasema, "Asante, Chepchirchir. Sasa nitalala." Akafa siku ya tatu. Daktari aliniambia baadaye kwamba hata siku aliyofika, baada ya zile siku mbili nyumbani, dawa nyingine ingemwokoa.

Viini vyake tulikuwa tumevihifadhi. Juzi nimevipima upya mara tatu. Kwa mkono, dawa inashindwa. Mashine bado inasema inafaa. Kila asubuhi sasa naogopa kufunua sahani yoyote, kana kwamba yeye ndiye aliye chini ya kifuniko.

Jana nilimwandikia mkuu wa hospitali yote haya, nikaweka jina langu. Jumamosi ijayo nitakuja. Ukikataa niingie bomani, nitasimama barabarani. Lakini watoto usiwaambie tena kwamba ulimuua mama yao.

Msalimie Mama, na Mungu awalinde hapo nyumbani.

Dada yako,
Chepchirchir