Mwende Alipokaa Chini Uwanjani

Alhamisi, Oktoba 1984

Mwende tena. Mwaka jana msichana huyu wa darasa la sita aliwashinda hata wavulana kupanda mbio mlima wetu hapa Kilungu. Leo kwenye mazoezi hakumaliza hata raundi moja ya uwanja. Alikaa chini.

"Mwalimu, miguu imekataa."

Zamani wenzake wangemcheka. Leo hakuna aliyecheka. Wengine walikuja wakakaa naye.

Nilimbeba mgongoni hadi kwao. Ni mwepesi mno. Na mvua ikikosa kunyesha tena mwezi ujao...

Mama yake alitupokea mlangoni. "Asante, Mwalimu. Lakini usiwakimbize tena na njaa hii. Huyu mdogo wake hajaamka tangu asubuhi."

Niliingia nikamwekea mtoto mkono kifuani. Anapumua. Nilipogeuka, Mwende alikuwa ameshalala kando yake.