Utepe wa Miguuni wa Mwanaidi

Kabuku, Handeni

Mdogo wangu Kabula,

Kosa la wengi wetu tunaoendesha baiskeli ni hili: tukiliona gari, tunaamini dereva naye ametuona. Wewe unaliona kwa sababu linawaka taa. Yeye hakuoni kwa sababu wewe huwaki. Nisamehe kwa kutanguliza somo mbele ya salamu. Nimestaafu, lakini ubao haujanitoka.

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Mgongo wako unaendeleaje? Na huko Nzega mvua zimewahi? Sisi hatujambo. Machungwa yameiva, na goti langu linanisumbua asubuhi tu, likipata jua linatulia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unaniitikia "ndiyo dada, ndiyo dada" huku unapepeta mchele.

Unamkumbuka Mwanaidi, mke wa Omari wangu. Huku wanawake wanaoendesha baiskeli ni wachache, si kama kwetu, kwa hiyo nilimfundisha mwenyewe. Hutoka hapa nyumbani kabla hakujapambazuka, amefunga tenga la machungwa kwenye keria, akafuata barabara kuu hadi Kabuku mjini kuwauzia abiria wa mabasi. Naye anapenda kupendeza. Njiti za magurudumu ametia shanga, usukani una maua ya plastiki, na ushungi lazima ufanane na dera. Alikuwa akiniambia, "Mama, na rangi zote hizi, nani asinione?"

Dereva wa lori lililotoka Segera hakumwona. Lilimpita karibu mno alfajiri moja, upepo wake ukamtupa mtaroni. Alirudi akisukuma baiskeli, goti limechunika, machungwa ameyaacha barabarani. Omari aliifunga ile baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya jiko, ufunguo akautia mfukoni.

"Sitaki kukuzika kwa ajili ya machungwa," akasema.

"Na mimi sitaki kukaa hapa nikisubiri uniletee hata sabuni," Mwanaidi akamjibu.

Baada ya hapo walizungumza kupitia kwangu tu. "Mama, mwambie mwanao chai iko tayari." "Mama, mwambie nimesikia." Wote wawili wamekaa mkeka mmoja! Kabula, nilichoogopa si chai kupoa. Biashara ile ndiyo iliyompa Mwanaidi sauti katika nyumba hii, na nilimwona anaanza kuinama.

Nikamweleza Omari kwamba rangi huhitaji jua. Dera jekundu likiwa gizani ni jeusi kama lami. Kinachosaidia ni utepe wa kung'aa, ule unaorudisha mwanga wa taa kule ulikotoka. Akaenda Korogwe, akarudi na kizibao chenye utepe huo, kama wanavyovaa bodaboda, akaifungua baiskeli kwa majaribio. Siku ya kwanza vijana wa kijiweni wakamshangilia mkewe: "Oya bosi, nipeleke Kabuku!"

"Panda juu ya tenga," Mwanaidi akawaambia, "ukianguka usinililie."

Aliwajibu vizuri, lakini yalimchoma. Kesho yake akatupia khanga mabegani juu ya kizibao, kama wanawake wa huku wanavyofanya wakitoka nyumbani. Mume akaridhika kwamba kizibao kimevaliwa, vijana wakakosa la kusema. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na barabarani hakuna kilichobadilika.

Jioni moja giza lilipoanza kuingia nikampa Omari tochi, nikamwambia asimame njiani. Mwanaidi nikamtuma atangulie na mzigo wake wa kawaida.

"Unaona nini?"

"Naona tenga linatembea lenyewe."

"Na mkeo?"

Akaisogeza tochi huku na huku. Nikampigia Mwanaidi kelele aivue khanga. Bado lilionekana tenga tu, kwa sababu likijaa linamfika mabegani. Omari akazima tochi. "Si nilisema? Baiskeli inarudi kwenye nguzo."

"Subiri," nikamwambia. "Mzigo haufichi miguu." Nikamfafanulia kwamba utepe ukikaa kwenye kifundo hupanda na kushuka kila pedali inapozunguka. Dereva akiona ming'ao miwili inapokezana, hana haja ya kukisia: huyo ni mtu.

"Vikuku? Mke wangu avae vikuku, Mama? Watu watasema nini?"

Unajua mke wa mtu akivaa vikuku anavyosemwa. Mwanaidi alicheka kule alikokuwa. "Watasema napendeza!"

Mimi nilikuwa nikimtazama miguuni. Huvaa suruali ndani ya dera, na kila mguu wa suruali huufunga kwa kipande cha khanga kuukuu ili usiingie kwenye mnyororo. Vitambaa hivyo amevifunga tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuviita vikuku. Basi fundi wetu wa cherehani, Mama Zaina, akaukata utepe wa kile kizibao, akaushonea kwenye vitambaa viwili, uliobaki akaushona kwenye gunia la kufunika tenga upande wa nyuma. Mwanaidi alisimama pale pale, akidai pindo la kila kitambaa liwe la rangi ya ushungi wake.

Jioni iliyofuata tukajaribu tena. Safari hii Omari alikaa na tochi muda mrefu, mkewe anazidi kwenda.

"Namwona," akasema. Kisha akarudia, polepole, "Bado namwona."

Mwanaidi aliporudi, Omari hakunituma kwake. Alimwendea mwenyewe, akamtia ufunguo mkononi. "Asubuhi nikusaidie kufunga tenga," akamwambia. Sasa wanawake wengine wanapeleka vitambaa kwa Mama Zaina, kila mmoja na rangi yake.

Nawe unakwenda gulioni alfajiri na gunia mgongoni mwa baiskeli, ukitegemea fulana yako ya njano. Ndiyo sababu nimeandika yote haya.

Mwanaidi na Omari wanakusalimu. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na mama yetu mdogo, umwambie blanketi lake bado ndilo ninalojifunika. Ni mimi dada yako mkubwa, Milembe, nami nakutuma jambo moja tu: leo jioni pakia baiskeli kama siku ya gulio, mpe mumeo tochi asimame nyuma yako, umuulize anaona nini.