Shangazi Amefunga Mizigo

Ndau, 3 Machi 1967

Kwa dada Qali,

Salamu tele. Mama anapumua vizuri? Mimi mzima, ingawa bahari ilinitapisha, mimi Rage niliyeteremsha lori lisilo na breki njia ya Isiolo! Nimefika kisiwani kwa shangazi Maka. Wallahi, mama atapumzika hapa: hakuna seng'enge ya kutuzingira kama huko Garissa, hakuna askari wa kutuhesabu. Shangazi alinichinjia mbuzi, kesho yake mwingine. Tajiri huyu! Sijamwomba bado ampokee mama; mgeni hasemi haja yake kabla ya siku tatu, nami ni mtu wa adabu.

Nduguyo, Rage

Garissa, 19 Machi

Ndugu yangu Rage,

Salamu zimefika. Afya ni hivyo hivyo, kikohozi cha mama hakijatoka. Ngamia wa mwisho amekufa. Malisho ni nje ya seng'enge, na nje haturuhusiwi. Nilimsomea mama barua yako, akataka nirudie penye nyama. Kibali chake cha safari kimetoka. Shangazi amekubali?

Dada yako, Qali

Ndau, 6 Aprili

Dada Qali,

Salamu, na uketi kwanza. Siku ya tatu nilipofungua mdomo, shangazi alinitangulia: "Mwanangu, mizigo nimefunga. Twende lini?" Alidhani nimetumwa kumrudisha kwao! Mbuzi walikuwa hao wawili tu. Aliwachinja kwa kuwa anahama. Waliokimbia vita bara wamejaa hapa, jabia la maji ya mvua limekauka. "Garissa kuna mto," ananiambia, "kuna maziwa." Kila asubuhi anakalia mzigo wake, ananitazama. Mama asije. Na huyu nimwambie nini?

Rage wako, aliyechoka

Garissa, 24 Aprili

Ndugu yangu,

Pole. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kama Maka anakimbia huko, mimi nakimbilia nini? Mleteni. Njaa ya wawili ina mazungumzo." Lakini mwambie ukweli kwanza, Rage: maziwa hakuna, na mtoni tunakwenda kwa zamu, askari nyuma. Achague mwenyewe.

Dada yako

Ndau, 9 Mei

Dada,

Nimemwambia yote, bila chumvi, mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha akauliza, "Wifi yangu bado anakoroma?"

Nikasema, "Kama lori."

"Basi twende," akasema.

Nduguyo