Magazini Thelathini na Nane za Brosta

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata kazi ya heshima. Chama cha Historia ya Kijiji kimenikabidhi glavu za pamba, kioo cha kukuzia na kreti moja la magazini za bunduki. Ni vile visanduku vyembamba vya bati vya kutilia risasi, thelathini na vinane, vya jeshi la miaka ya hamsini. Vimetoka kwenye banda la marehemu Holger, aliyekuwa mgambo. Risasi hakuna. Bunduki hakuna. Hata hivyo polisi walitaka fomu nne.

Kazi yangu ni kusoma alama iliyogongwa kwenye kifuniko cha chini cha kila magazini, kisha kuiandikia kadi. Kengele maana yake kiwanda chetu, Brosta. Pete mbili maana yake Kälvinge, ng'ambo ya ziwa — watu ambao hatuwataji tukiwa tunakula. Maonyesho yanafunguliwa Siku ya Taifa.

Mwenyekiti Ragnvald anasema nimechaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwanachama mwingine aliye chini ya miaka sabini hayupo, kwa hiyo ushindani ulikuwa mkali.

Sababu yangu sijamwambia. Bibi Asta, mama wa babu yangu, anasema alichomelea magazini hizi kwa miaka minne. Ana miaka tisini na mmoja. Nataka jina lake liwe ukutani wakati bado anaweza kulisoma.

Jumamosi, 10 Mei

Nimesoma kumi na tisa. Kengele, kengele, kengele, kengele. Mwenyekiti hupita nyuma yangu na kikombe cha kahawa, anatabasamu kana kwamba alizigonga yeye.

Nilimwuliza habari za wanawake wa kiwandani. Akanipa kijitabu alichokiandika mwenyewe mwaka 1994. Ukurasa wa 31: "Wanawake walifungasha." Basi. Maneno mawili — matunda ya utafiti mrefu, bila shaka. Chanzo: mahojiano na msimamizi Börje.

Börje alikuwa mume wa Bibi Asta.

Jumatano, 14 Mei

Baada ya shule nilipita nyumba ya wazee nikamsomea Bibi ukurasa wa 31. Alitafuna biskuti yake mpaka ikaisha.

"Börje alikaa ofisini," akasema. "Na dirisha la ofisi lilitazama ziwa."

Anasema wanaume walikata bati na kulikunja. Mshono wa nyuma ukachomelewa na wanawake, kumi na mmoja kwa jumla. Alama ya kiwanda iligongwa mara mbili: kwenye kifuniko, na tena ndani ya ukingo wa chini wa magazini yenyewe. Hapo ndani, kando ya mshono, kila mwanamke alidonoa vitone vyake kwa msumari, ili mkaguzi akikuta kazi mbovu ajue wa kumkaripia. Vya Bibi ni vitatu, na kimoja pembeni. Ukivuta kifuniko unaviona. Usipokivuta, huoni kitu.

Nilimwuliza kama aliwahi kukaripiwa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Jumamosi, 17 Mei

Mwenyekiti amekataa. Vifuniko havivutwi. Vitu vya makumbusho havichezewi, alisema, huku anaitikisa namba 12 sikioni asikie kama springi bado imo.

Zote nimemaliza. Kengele thelathini na nane. Pete mbili: hakuna. Amefurahi mpaka akanimegea keki kwa mkono wake.

Jumamosi, 24 Mei

Namba 6 imefunguka yenyewe. Naapa! Kifuniko chake kililegea, nikainua, kikabaki kwenye glavu.

Kwenye kifuniko: kengele. Ndani ya ukingo: pete mbili.

Brosta chini, Kälvinge juu!

Nilimpelekea Mwenyekiti. Akavaa miwani, akaivua. Akasema kuna mtu alikosea siku moja. Namba 6 ikahamishiwa safu ya nyuma, kama mwanafunzi mtundu.

Bi Majken, anayetupikia kahawa, alisubiri Mwenyekiti atoke nje. Kisha akasema hakuna aliyekosea. Kila vuli mgambo wa vijiji vyote viwili walikuja kusafishia magazini jikoni kwake. Walizifungua zote, wakatumbukiza vipande vyote kwenye beseni moja la mafuta ya taa — beseni lake la kufulia, na hilo bado hajawasamehe. Wakati wa kuunganisha, wanaume wa Brosta walipekua mle wakitafuta vifuniko vyenye kengele. Hawakukubali kubeba pete mbili kiunoni. Watu wa Kälvinge nao hivyo hivyo, upande wao. Holger, alisema, alikuwa akikunja mikono ya shati mpaka begani.

Mwaka hadi mwaka, kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo nimeandika kadi thelathini na nane zinazothibitisha jambo moja tu: kwamba Holger alikuwa mtu wa Brosta. Hilo hata jiwe la kaburi lake linasema.

Jumapili, 1 Juni

Nimemweleza Mwenyekiti habari za beseni, pole pole, kwa adabu zangu zote. Hakubisha. Alinionyesha bango. Mita tatu, limeshachapishwa: ZOTE ZILITENGENEZWA HAPA.

"Tutazifungua baada ya maonyesho, mwanangu," akasema. Maonyesho yanakwisha Septemba. Bibi Asta alilazwa mara mbili msimu wa baridi uliopita.

Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba baba yake alikata bati pale miaka ishirini na akaacha vidole viwili kwenye mashine. Kama nusu ya magazini hizi ni za Kälvinge, alivipoteza kwa ajili ya nini? Ilikuwa rahisi zaidi nilipokuwa nikimcheka.

Alipokwenda kufunga madirisha niliishika namba 20. Dole gumba langu lilikuwa juu ya kitufe cha kifuniko. Ukibonyeza, unavuta, umemaliza. Nikairudisha mezani. Nimelelewa vizuri mno, sasa limekuwa tatizo.

Bibi amealikwa. Kiti cha mbele. Kwenye orodha ameandikwa: mjane wa msimamizi.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika nimekaa pembeni ya meza ya maonyesho. Bado inaendelea.

Bendera imepandishwa, wimbo umeimbwa, Mwenyekiti akaanza hotuba. Watu kama sitini. Alipofika kwa wanawake waliofungasha, Bibi aliinuka na kigari chake cha kutembelea. Nilidhani anataka choo. Akaja mpaka mezani, akachukua namba 1, mikono mitupu. Akabonyeza, akavuta. Springi iliruka ikatua kwenye keki ya malai ya Bi Majken.

Hakuna aliyecheka. Bibi hakutazama ndani, macho yake hayaoni vitu vidogo siku hizi. Aliingiza dole gumba, akapapasa ukingo.

"Kälvinge," akasema, akaiweka kushoto.

Namba 2. "Kälvinge."

Mwenyekiti alisema, Mama Asta, tafadhali, nipo katikati ya hotuba. Akajibiwa aendelee tu, hamsumbui.

Namba 3 alikaa nayo kidogo. "Yetu. Ya Hillevi. Alikuwa na mkono mzito, huyu, alidonoa kama anaua nyoka." Akaiweka kulia.

Mzee mmoja wa safu ya tatu akasimama. Hillevi alikuwa mama yake, akasema. Alimwambia maisha yake yote kwamba kiwandani alikuwa akifagia.

"Alifagia Jumamosi," Bibi akasema.

Nikachukua kadi ya namba 3, nikaandika jina. Hakuna aliyenikataza.

Sasa hotuba imekwisha yenyewe. Kushoto ziko kumi na saba. Kulia ziko kumi na moja, zenye majina sita: Hillevi, Ingegerd, Rut, Valborg, Tyra na Dagny, mengine yakijirudia. Watu wameacha viti, wamezunguka meza. Mwanamke mmoja amempigia simu dada yake, aje, aje sasa hivi. Mwenyekiti ndiye anayezifungua, maana vidole vya Bibi vimechoka. Anaikinga springi kwa kiganja, kisha anampa. Ya Bibi hata moja haijatokea.

Alipompa namba 28 alimwinamia, nami nikasikia. "Na kama yako haimo, Mama Asta?"

"Lete nyingine, Ragnvald."

Sasa ni namba 29, ndiyo kwanza ameipokea. Dole gumba limeingia. Linagota mara tatu, linarudi, linahesabu tena, kisha linakwenda pembeni. Sasa limesimama.

Haishushi mezani. Mwenyekiti ameshika namba 30, hajaifungua.