Ngoie bila «e»

Lundi 3 février

Tangu asubui niko nashona kola ya shemizi ya bantu. Mvua. Courant ya umeme ikaenda, ikarudia, ikaenda. Mashini yangu ni ya miguu, haina maneno na courant.

Ngoie akatoka ku masomo, akatupa kaye yake ya kuandikia ku kitanda. Ni mutoto wa kaka yangu wa Mitwaba, eko kwangu hapa Makomeno juu ya kusoma. Aliandika ku rédaction, insha ya kusema alizaliwa wapi: «Je suis né à Mitwaba.» Mwalimu wa français akaongeza «e» na bic nyekundu: née. Akamutosha na point, alama moya.

Mu français mwanaume anazaliwaka bila «e», mwanamuke na «e». Ku kinywa inasikilika namna moya tu. Ni ku karatasi njo inagombanisha bantu.

Siku alizaliwa, mama mwenye kuzalisha aliangalia mbio mbio, akasema: binti. Mwaka yenye ilipita, sauti ikashuka, ndevu ikaota. Tulienda kwa docteur. Hakushangaa, njo nilimupendea. Alisema bantu bengine banazaliwaka na mwili ya katikati. Haiko ugonjwa, haiko bulozi. Mumuache achague mwenyewe. Ngoie akasema: eko mwana mwanaume. Nikasema sawa. Jupe, sketi yake, ikakuwa kitambaa ya kupanguza mashini. Nikamushonea pantalon ya bana baume.

Mercredi 5 février

Sasa ku masomo banamuita Née. Mwalimu alisoma ile rédaction mbele ya bote, na «e» yake.

Anarudiaka midomo kavu. Kumbe hanywake maji mpaka saa ya kutoka. Ku toilette ya babinti banapiga kelele. Ku ya bana baume banataka kumuvula pantalon baone.

Nitaenda kwa Prefe. Ngoie: «Tantine, usiende, utaharibisha.» Nitaenda.

Vendredi 7 février

Prefe, mukubwa wa masomo, alinipokea muzuri. Français kwanza. Akaona uso yangu, akageuza ku Swahili. «Mama, ule ni mutoto wetu. Masomo ya Mungu haifukuzake mutoto.» Atamupa ruhusa ya toilette ya balimu, yenye kufungwa na lufungulo. Atasema na mwalimu wa français.

Nilitoka na furaha. Nikanunua samaki. Zoba miye, mujinga.

Mardi 11 février

Lufungulo iko. Iko mu mufuko ya Prefe. Leo Prefe alikuwa ku réunion, ku mukutano mu ville, mufuko ikamufuata. Musaada yetu yote ilikuwa ku réunion.

Ngoie alirudia mbele ya saa, tricot imefungwa ku kiuno. Nilifua pantalon yenye mukojo. Sikuuliza.

Jeudi 13 février

Mwalimu wa français alimusimamisha Ngoie mu darasa. «Né na "e" ao bila "e"? Jibu, darasa inangoya.» Kicheko. Moya akapiga kelele toka nyuma: «Monsieur, weka "e" nusu!» Mwalimu naye akacheka.

Ngoie akajibu: «Nilizaliwa ku Mitwaba.»

«En français!»

«Nilizaliwa ku Mitwaba.»

«En français, nimesema!»

«Nilizaliwa ku Mitwaba.»

Akafukuzwa inje. Alinielezea akiwa anakula, bila kuniangalia. Miaka yote nasema Swahili, sikufikiriaka kama mu Swahili tunazaliwaka bote namna moya. Yeye alifikiria, amesimama, banamucheka. Ninajivunia yeye. Niko na woga pia.

Vendredi 14 février

Banamufukuza. Prefe aliniita anielezee. Haiko juu ya mwili yake, hapana, Mama, hata kidogo! Hapa hatubaguake muntu. Ni juu ya Swahili. Mu darasa ni français tu, na mutoto alisema Swahili mara tatu mbele ya bote. Indiscipline grave, kosa kubwa.

Ile yote alinielezea na Swahili. Swahili tamu, ya muntu mwenye kuzaliwa ku Kambove.

Nilimuuliza kama naye tumufukuze. Hakucheka. Akashusha sauti: «Mama, bazazi banalalamika. Banataka kutosha batoto babo mu masomo. Mi nifanye nini? Apumzike kwanza. Mwaka inakuya tutaona.»

Namuchukia. Kama angekuwa mubaya tangu mwanzo, nisingekula ile samaki. Nilitaka kutoka na kichwa juu, nikalia mbele ya secrétaire. Alinipa mouchoir. Nikakataa, nikajipanguza na kitenge yangu.

Mercredi 19 février

Masomo ingine, ku Katuba. Directrice akaangalia Ngoie toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu, sawa vile muntu anachagua nyama. Akasema fasi imejaa. Ku mulango balibandika: «Inscriptions ouvertes», kuandikisha batoto bapya kungali wazi. Ngoie akaisoma kwa sauti. Accent muzuri sana.

Samedi 22 février

Alipanda camion ya Mitwaba. Sikumuambia aende. Sikumukataza. Alisema tu: «Tantine, nimechoka kuulizwa.» Alikaa juu ya magunia ya chumvi na bache, turubai ya mvua, ku kichwa. Bantu ba camion balimusogezea fasi, bakamuita petit, kijana. Petit, kuya huku, mvua itakupiga. Njo hivyo tu. Hakuna mwenye alitaka kujua zaidi.

Lundi 3 mars

Kaka alipiga simu. Ye mwenyewe eko na furaha. Ngoie anaamukaka mbele ya bote, ana nguvu, kule hakuna mwenye kumusumbua. Sawa. Nilimuambia ni muzuri, na ni kweli ni muzuri.

Nikaomba nisemeshe mutoto. Kaka akasema eko ku shamba ya karanga, atarudia mangaribi.

Ilikuwa saa ine ya asubui, saa ya masomo. Toka hapa nilisikia kengele ya récréation, mapumziko ya batoto. Nikamuambia amusalimie.